Wajapani Hawangoji Nyumba Ianguke

Kazi iliyonileta Nagoya ni ya kupakia magari yaliyotumika yanayokwenda Mombasa na Dar es Salaam, na haina uhusiano wowote na utamaduni wa Wajapani. Hata hivyo siku za mapumziko zipo, na Ise ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni, kwa hiyo nimekwenda kuliona hekalu kuu la Washinto, wafuasi wa dini ya jadi ya Japani, ambalo wenzangu kazini hulitaja kwa heshima kubwa. Kilichonifurahisha si hekalu lenyewe, maana mgeni huishia kwenye uzio akaona paa tu, bali ni kiwanja kitupu kilicho ubavuni mwake, kilichotandazwa kokoto, chenye kijibanda cha mbao kinachofunika mahali pa nguzo ya katikati. Kiwanja hicho kinangoja zamu yake. Kila baada ya miaka 20 hekalu jipya husimamishwa upande wa pili, kwa umbo lilelile na kwa mbao mpya za mti wa hinoki, kisha lile la zamani huvunjwa. Desturi hiyo ilianza mwaka 690; mara ya 62 ilikuwa 2013, na inayofuata ni 2033.

Nguzo kubwa za zamani hazitupwi, bali huchongwa upya zikawa malango ya daraja la Uji, lile la kuingilia hekaluni, kwa miaka 20 mingine. Mwaka 1923 walianza mpango wa miaka 200 wa kupanda misitu ili hekalu lipate mbao zake lenyewe, na waliopanda miche ile walijua fika kwamba hawatakuwapo itakapokatwa. Lakini linalonigusa zaidi ni mafundi: kijana anayebeba mbao katika zamu hii anaweza kuwa fundi kamili katika zamu ijayo, na katika ile ya tatu akawa mzee anayewaelekeza wengine.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020 huku matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafa. Mtaani kwetu fundi wa chokaa akifariki, nyumba zake hupigwa saruji. Saruji huuzuia unyevu usitoke, nalo jiwe la matumbawe likamomonyoka ndani kwa ndani, hadi siku moja boriti inaposhuka ndipo watu wanapokimbizana kutafuta fedha.

Najua yupo atakayesema kwamba nimeonja ughaibuni na sasa nawadharau niliowaacha. Siwadharau hata kidogo. Wazee wetu walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakakata boriti za mikoko, wakachonga milango ambayo watu wanavuka bahari kuja kuitazama, na nyumba zao zimestahimili upepo wa chumvi kwa zaidi ya miaka 100. Hasira yangu inatokana na fahari hiyohiyo.

Mwingine atasema Mjapani ana pesa. Haya, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowafukarisha, ujenzi wa Ise ulisimama kwa zaidi ya miaka 120, na wakaurudia. Wala sisemi kwamba kila Mjapani ni mlinzi wa mambo ya kale, kwani Kyoto penyewe nyumba nyingi za mbao za zamani zimebomolewa kupisha majengo mapya. Ninachosema ni kwamba pale Ise matengenezo yana tarehe, na kila mtu anaijua, wakati kwetu tarehe huwekwa na ukuta wenyewe.

Na asiniambie mtu kwamba vijana wetu hawataki kazi ya chokaa, kwa sababu nani amewahi kuwapa kazi hiyo kwa mshahara? Mikataba ya ukarabati hutaja saruji, nondo na rangi. Itaje pia vijana wangapi watakaa na fundi mzee mpaka kazi iishe, na watalipwa kiasi gani kila mwezi, kisha ndipo tuwalaumu wasipojitokeza.