Redio ya upepo ikae kifuani mwako

Mvuvi wa kayaki akiniomba ushauri wa redio ya baharini ya mkononi, humuuliza kwanza ataivaa wapi. Wengi hunijia na maswali ya wati na bei. Nitayafikia, lakini naanza na kifua kwa sababu nimewahi kuwa majini nikiitazama redio yangu ikienda.

Ilikuwa nje ya mlango wa bahari wa Kilifi, kusi ikianza kukolea. Nilikuwa nimenasa kolekole wa haja, nikainamia upande mmoja kumpandisha, wimbi likanigonga ubavuni na kayaki ikapinduka. Redio ilikuwa nzima, betri imejaa, nimeifunga kwa kamba kwenye kiti. Kayaki isiyo na mtu ni nyepesi, na upepo huikimbiza kuliko unavyoweza kuogelea ukiwa na jaketi la kuokolea. Niliifuata hadi pumzi ikaniishia. Wavuvi wawili waliokuwa wakirudi na hori ndio walioliona kafi langu la njano, wakanigeukia. Nawashukuru hadi leo.

Tangu siku hiyo nataka redio ndogo. Redio nene hukuchoma mbavu kila ukipiga kafi, na kabla ya saa mbili kuisha utakuwa umeivua na kuitupa chini ya kiti. Icom M25, kwa mfano, ina uzito wa gramu 220 hivi, inaelea, na ikianguka majini huwaka taa. Mimi husahau kama nimeivaa.

Sasa wati. Nyingi za mkononi zina wati 5 au 6, na tofauti hiyo hutaisikia baharini. Kinachotubana ni kimo. Mawimbi ya VHF, yaani yale ya redio hizi, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, nasi tumekaa usawa wa maji. Antena yako ikiwa mita 1 juu ya bahari, na ya mwenzako kwenye kayaki nyingine vilevile, mtasikizana kilomita 8 hivi kwa hesabu ya kitabuni, na pungufu kukiwa na mawimbi makubwa. Boti yenye antena ya mita 4 itakupata kama kilomita 12. Kituo cha kuratibu uokoaji kiko Mombasa, kilomita 50 hivi kutoka Kilifi, kwa hiyo usijipe moyo kwamba sauti yako itafika huko moja kwa moja. Atakayekusikia kwanza ni boti iliyo karibu, nayo ndiyo itakayopeleka habari mbele. Ndiyo maana kabla ya kuingia majini napenda kujua ni boti zipi zimetoka asubuhi hiyo, na kama manahodha wake wamefungua chaneli 16, ile ya dharura na kuitana.

Kuna wanaoniambia simu inatosha. Jaribu kufungua simu kwa vidole vyenye ute wa samaki na maji ya chumvi: kioo hakikutambui, kinaruka huku na huku. Tena simu humfikia mtu mmoja uliyempigia, wakati chaneli 16 husikika na kila aliye karibu aliyeifungua. Wengine hununua zile redio za bei nafuu za walinzi wa nchi kavu. Nyingi hazikutengenezwa kuingia maji, na bimbi moja linazimaliza. Tafuta alama ya IPX7, maana yake redio inahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. IPX8 huhimili zaidi ya hapo, kwa kiasi anachotaja mtengenezaji.

Redio zenye GPS na kitufe chekundu cha dharura, ambacho hutuma mahali ulipo bila wewe kusema neno, nazipenda. Standard Horizon HX890 ni mojawapo. Ila ni kubwa zaidi, na kitufe hicho kinahitaji uwe na namba ya utambulisho ya tarakimu 9 iliyosajiliwa. Za Kenya huanza na 634. Ukiwa na uwezo na ukikubali kuivaa, nunua. Usipokuwa tayari kuivaa, chukua ndogo.

Dukani, ishike kwa mkono mmoja, ule dhaifu, ufumbe macho. Tafuta kitufe cha kusemea, kisha kile cha kurudi chaneli 16. Ukihitaji mkono wa pili, iache. Angalia pia kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia, kwani chumvi huanza kula redio hapo. Mimi huisuuza yangu kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila nikirudi, na siichaji mpaka tundu likauke kabisa.

Na leseni ya kuitumia iulizie Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kabla ya kununua. Kwa ndugu zetu wa Tanzania ni mamlaka yao ya mawasiliano, TCRA.

Yangu sasa iko bega la kushoto, kwa kuwa natupa mshipi kwa mkono wa kulia. Kamba yake nimeipima iishie mdomoni, nikiwa nimelala chali majini. Ya kwanza niliikata ndefu kupita kiasi, ikawa inajiviringa kwenye mshipi kila nikirusha chambo. Nikaipunguza shubiri moja, ikatulia.