Kutoka Mnazi Mmoja hadi Billund: kiingilio, ratiba na siku ya watoto

Kila likizo ya kiangazi inapokaribia, sisi Wazanzibari tunaoishi Denmark huingia katika hoja ile ile. Mmoja husema kwamba mzazi anayewapeleka watoto kwenye bustani za michezo za huku bila ya ratiba ya saa kwa saa amezitupa fedha zake. Mwingine humjibu kwamba ratiba ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi tulifunguliwa mlango siku ya sikukuu ya Idi, tukaambiwa twende tukacheze, na hatukupungukiwa na kitu. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona wanakosea pahala pamoja, kwa kuwa wote wawili wanaichukulia ratiba kuwa ni tabia ya watu fulani. Kwa maoni yangu, ratiba huzaliwa na namna kiingilio kinavyotozwa, na umbali wa lango kutoka nyumbani, na idadi ya watu wazima walio tayari kumwangalia mtoto asiyekuwa wao.

Ushahidi uko hapa hapa Denmark, nchi ndogo yenye bustani tatu mashuhuri ambazo kila moja hutoza kwa mtindo wake.

Ya kwanza ni Bakken, iliyoko Klampenborg, kaskazini ya Copenhagen, katika msitu wa kulungu unaoitwa Dyrehaven. Historia yake huhesabiwa tangu mwaka 1583, ilipojulikana chemchemi ambayo watu waliamini kuwa maji yake yanaponya. Wagonjwa walipofika, wachuuzi na wachezaji waliwafuata, na burudani ikabaki hata baada ya imani ile kufifia. Ndiyo bustani ya burudani kongwe kuliko zote duniani ambayo bado inafanya kazi, na hadi leo haina kiingilio. Unashuka kwenye treni, unatembea na watoto chini ya miti, na ghafla umo ndani. Atakaye kupanda pembea hulipia pembea hiyo, au hununua ukanda wa mkononi wa kupandia siku nzima, na asiyetaka kupanda hadaiwi chochote. Hapo sijaona familia, iwe ya Kidenmark au ya kwetu, iliyoinamia karatasi ya ratiba. Watoto huzunguka, huchagua, hubadilisha mawazo, na mvua ikinyesha watu hurudi nyumbani bila ya huzuni kubwa, kwa sababu walichotumia ni kidogo na kesho ipo.

Tivoli, iliyofunguliwa tarehe 15 Agosti 1843, iko katikati ya jiji, mkabala na kituo kikuu cha treni. Hii hutoza mara mbili: kwanza lango, kisha michezo. Mwenye kadi ya mwaka huingia anapotaka, na wapo wazazi wanaopita jioni baada ya kazi ili watoto watazame tu gwaride la vijana wa Tivoli au mchezo wa kuigiza wa bubu katika jukwaa la mwaka 1874, wasipande chochote, kisha waondoke. Mgeni aliyelipa lango kwa siku moja, hata hivyo, huanza kuonekana ana haraka. Watu wawili wanaweza kusimama chini ya mti mmoja, mbele ya treni ile ya mchezo ya mwaka 1914, inayopanda na kuporomoka juu ya reli za mbao, ambayo bado huendeshwa na mtu wa breki anayekaa ndani yake, mmoja akiwa ametulia na mwingine akiitazama saa yake, na kinachowatenganisha ni aina ya tiketi waliyonunua.

Kisha iko Legoland, iliyofunguliwa mwaka 1968 huko Billund, mji ambako kampuni ya Lego yenyewe, inayotengeneza matofali ya plastiki ya kuchezea, ilianzia. Hapa tiketi moja hufungua kila kitu. Kwa anayetoka Copenhagen, safari ni ya zaidi ya kilomita 250, na ndani yake kuna daraja la Storebælt lenye ushuru wake. Baba na mama wakishajumlisha mafuta, daraja, tiketi kwa kila kichwa na pengine malazi ya usiku mmoja, siku hiyo inageuka kuwa deni ambalo lazima lirudishwe kwa michezo. Ratiba huzaliwa hapo. Hata mtu aliyelelewa Makunduchi na hajawahi kuvaa saa maishani mwake ataishika kalamu, kwa sababu akili yake inamwambia kwamba kila nusu saa ya kusimama ina bei. Wanaotaka zaidi huweza kulipa nyongeza ili simu iwawekee nafasi kwenye foleni, na kwa hivyo hata muda wa kusubiri unakuwa bidhaa ya kununuliwa.

Nchi ni moja, na watu ni wale wale. Familia iliyokuwa tulivu Bakken wiki iliyopita ndiyo inayokimbia Billund wiki hii. Na kwetu ni hivyo hivyo. Bustani ya michezo ya maji ya Kunduchi, Dar es Salaam, ni ya lango na kiingilio, na familia inayotoka Mbagala kwenda huko huipanga safari tangu mwisho wa mwezi, ikahesabu vichwa na ikatoka alfajiri, kama inavyofanya familia ya hapa inayokwenda Billund. Hakuna aliyewafundisha Uzungu.

Nazifikiria sasa sikukuu zetu za Unguja, kwa sababu ndizo zinazotajwa kila mara kama mfano wa furaha isiyo na mpango. Mtoto huvishwa nguo mpya, hupewa fedha za sikukuu na wajomba na mashangazi, na baada ya sala ya alasiri hutoka kwenda viwanjani, Mnazi Mmoja au Kariakoo, kama vile mwenzake wa Chake Chake anavyokwenda Tibirinzi. Hununua malai, miwani ya rangi na firimbi, hupanda pembea hadi fedha zipungue, na kabla ya magharibi anakuwa amerudi. Siku ya pili hufanya hivyo tena, na ya tatu, na ya nne. Ni kweli kwamba hakuna mzazi aliyeandika kitu. Lakini tukisema kwamba hakukuwa na mpango, tunawadhulumu watu wengi waliokuwa wakiubeba. Alasiri ilikuwa saa ya kutoka na magharibi saa ya kurudi, na adhana iliwafikia wote. Dada mkubwa alimshika mkono mdogo wake. Muuza urojo alimjua mama wa mtoto, na mzee aliyekaa barazani njiani angeuliza mara moja kwa nini huyu anarudi analia. Fedha zenyewe zilikuwa mpaka, kwani zilipokwisha, mchezo nao ulikwisha bila ya mtu mzima kugombana na mtoto.

Kilichotupotea ugenini, kwa hivyo, ni wale watu. Huku mama anasimama peke yake na watoto watatu, mmoja ndani ya kigari, mmoja anataka choo, na mwingine amefika kimo cha kuruhusiwa kwenye mchezo ambao mdogo wake haruhusiwi. Hana dada wa kumwachia, na hamjui muuza chakula. Anapoandika ratiba anajaribu kufanya kwa karatasi kazi iliyokuwa ikifanywa na mtaa mzima, na mimi sitamcheka kwa hilo wala sitakubali achekwe.

Ninachopinga ni jambo ambalo ratiba hizo hulipanga. Nyingi nilizoziona zimeorodhesha michezo: saa nne huu, saa nne na nusu ule, saa tano tuwe upande wa pili wa bustani. Mtoto hachezi hivyo. Mtoto wa miaka mitano akipenda kitu hutaka akirudie. Akishuka kwenye farasi wa kuzunguka anataka apande tena farasi yule yule, wa rangi ile ile, na furaha yake iko katika kule kurudia. Kwenye uwanja wa sikukuu anaruhusiwa, maadamu ana fedha. Kwenye bustani ya lango moja kama Legoland, ambako kurudia hakumgharimu mzazi hata senti ya ziada, ndiko anakokatazwa, eti wakati unapotea na michezo mingine inangoja. Nimeshuhudia watoto wakivutwa mkono kutoka katika kitu walichokipenda kupelekwa kwenye kitu kilichoandikwa, na jambo hilo huniumiza, kwa sababu wazazi wale hawana ubaya. Wanaihangaikia tiketi waliyoigharamia kwa jasho lao.

Pale Legoland pana sehemu ya miji midogo iliyojengwa kwa mamilioni ya matofali ya Lego, na mmojawapo ni mtaa wa Nyhavn wa Copenhagen, pamoja na boti zake. Hakuna foleni, wala kipimo cha kimo. Mtoto anayeishi Copenhagen anaweza kukaa hapo muda mrefu akiitambua nyumba baada ya nyumba, akifuata treni ndogo kwa macho hadi irudi ilikotoka. Ratiba nyingi hupitia hapo kwa dakika chache kwa vile si mchezo wa kupanda. Mimi ningeanzia hapo, na kama mtoto anataka kubaki, ningebaki naye.

Mpango ninaouunga mkono ni ule unaohusu mwili wa mtoto: atakula saa ngapi, atalala wapi, jua au mvua itamkuta katika hali gani, na kimo chake kinamruhusu nini. Hili la kimo lisisubiri lango hata siku moja. Treni ya Tivoli iitwayo Dæmonen, kwa mfano, inahitaji sentimita 132, na mtoto aliyeahidiwa nyumbani kisha akapimwa na kuondolewa mbele ya wenzake huumia sana. Ni bora apimwe ukutani kwake, aambiwe ukweli kabla ya safari. Chakula nacho kipangwe, hasa kwetu sisi, kwa kuwa soseji nyingi zinazouzwa katika bustani hizi ni za nguruwe. Wadenmark wenyewe hubeba vyakula vyao na kukaa kwenye nyasi, basi hakuna aibu yoyote ya kufungua chapati na katlesi pembeni yao.

Na kwa anayesali, ratiba imeshaandikwa. Katika majira ya joto adhuhuri ya hapa huingia baada ya saa saba mchana, wakati ambao watoto wameanza kuchoka na foleni zimerefuka. Familia ikitafuta kona tulivu, ikasali, ikala, na mdogo akalazwa katika kigari chake, siku inagawika yenyewe bila ya mtu kupigiwa kelele. Aliyesafiri hadi Billund ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala, na hiyo nayo ni nafuu. Jua la mwezi wa Juni halizami Copenhagen hadi karibu na saa nne usiku, na hapo pana mtego kwa watu wa kwetu, kwa sababu tumezoea giza kuwa ndilo linalowarudisha watoto nyumbani. Huku mwangaza haukuambii kitu, na mtoto anaweza kuwa amechoka kupita kiasi ilhali nje kunang'aa. Kwa hivyo saa ya kuondoka ipangwe na iheshimiwe. Mengine yote kati ya kuingia na kutoka waachiwe watoto wenyewe, nao wapeane zamu ya kuchagua.

Liko jambo moja ambalo ndugu zangu wa hapa hawalizungumzi vya kutosha, nalo ni wazee wetu. Bibi anapopata viza na kuja kututembelea, hataki kupanda kitu chochote kinachoporomoka. Anataka kuwaona wajukuu wakicheza. Bustani ya lango moja humtoza kama mtu mzima mwingine yeyote, na familia nyingi, zikiona bei, humwacha nyumbani na kumrudia na picha za simu. Bakken anaingia bure, anakaa kwenye benchi chini ya mti, anashika mikoba, anamtuliza anayelia, na wazazi wanapata mikono miwili ya ziada. Ile kazi ya mtaa niliyoieleza inarejea kidogo, na ratiba inapungua yenyewe. Kwa sababu hiyo, kwa familia yenye watoto chini ya miaka saba na mgeni kutoka nyumbani, ushauri wangu haubadiliki: nendeni Bakken mara nyingi, na Billund iacheni mpaka watoto wawe wakubwa wa kuitamani wenyewe.

Nayasema haya pia kwa wenzetu wanaotaka kuwekeza Unguja na Pemba katika viwanja vya watoto, maana wapo, na nia yao ni njema. Yapo ya kuchukua kutoka huku: kijiti cha kupimia kimo mbele ya kila mchezo, mfanyakazi anayekagua mkanda wa kila mtoto kabla ya kuwasha mashine, vyoo safi, maji ya kunywa, kivuli. Hayo yatozwe katika bei ya pembea, na serikali iyasimamie. Lango waliache wazi, ili mtoto mwenye fedha za pembea moja aingie sawa na mwenye fedha za kumi, na bibi yake aingie pamoja naye.