Laravel ya zamani na mpya kwenye seva moja: ugomvi unaanzia wapi?

Chukua duka la jumla la Kariakoo lenye mfumo wa stoo na ankara ulioandikwa kwa Laravel 6 (fremu ya kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya PHP), toleo la Septemba 2019, juu ya PHP 7.4. Mfumo unafanya kazi. Mwenye duka anataka sehemu mpya ya oda za mikoani, na anayeiandika anataka Laravel 12, ambayo haikubali PHP iliyo chini ya 8.2. Seva ni moja, ya GB 4, na hela ya kununua ya pili haijapangwa. Hapo linakuja swali ambalo mafundi wa mjini hulijibu haraka mno, wengine kwa "hakuna shida", wengine kwa "usithubutu": matoleo mawili yakae pamoja au yasikae?

Wanaotaka yakae pamoja hawaongozwi na ubahili peke yake. Kuandika upya mfumo mzima kwa mkupuo mmoja maana yake ni miezi kadhaa ya kazi isiyoonekana, kisha usiku mmoja wa kuhama ambapo kila kosa hujitokeza kwa wakati mmoja. Martin Fowler aliandika mwaka 2004 kuhusu njia nyingine, akiifananisha na mtini wa msituni unaoota juu ya mti mwenzake, ukashusha mizizi taratibu, hadi siku mti wa ndani unapokufa wa nje umeshasimama wenyewe. Kwa duka letu maana yake ni kuhamisha oda kwanza, halafu stoo, halafu ankara, huku karani akiendelea kuuza. Tena kuna jambo ambalo mafundi wa hapa wanalijua vizuri: anwani ya kupokea majibu ya malipo ya simu ikishasajiliwa kwa kampuni ya mtandao, kuibadilisha mara nyingi huleta barua na majaribio upya. Anwani ile ikibaki palepale, Nginx, programu inayopokea maombi ya wavuti, inaweza kuipeleka kwenye mfumo wa zamani kwa kifungu kimoja cha `location =`, na kila kitu kingine kikaenda kwenye mpya.

Upande wa ufundi, kuweka PHP mbili kwenye Ubuntu ni kazi ya nusu saa. Hazina ya vifurushi ya Ondřej Surý hutoa `php7.4-fpm` na `php8.3-fpm` zisizogusana (FPM ni huduma inayoendesha PHP nyuma ya seva ya wavuti): kila moja ina folda yake chini ya `/etc/php`, `php.ini` yake, na soketi yake, yaani mlango wa kuongea nayo, ndani ya `/run/php`. Kwenye Nginx kila tovuti inaelekezwa kwa `fastcgi_pass` kwenye soketi inayoihusu. Anayetumia Apache aachane na mod_php, kwa sababu Apache moja haiwezi kubeba moduli mbili za PHP kwa pamoja. Atumie FPM kupitia proxy_fcgi. Na mfumo wa zamani upewe domeni ndogo yake badala ya folda ndani ya domeni ya mpya. Mchanganyiko wa `alias` na `try_files` kwenye Nginx umewapotezea watu wikiendi nyingi.

Viendelezi vya PHP navyo vitajwe kwa namba ya toleo: `php7.4-mysql`, `php8.3-mysql`, na vivyo hivyo mbstring, xml, curl, zip na gd. Ukikutana na kosa la 502 (Nginx imeshindwa kupata jibu la PHP), fungua logi ya makosa ya Nginx kabla ya kugusa chochote. Namba 2 kwenye mabano inamaanisha soketi haipo, pengine umeandika toleo lisilo sahihi. Namba 13 inamaanisha ipo ila Nginx haina ruhusa, na hapo angalia `listen.owner` na `listen.mode`.

Hadi hapo wa "hakuna shida" wako sahihi. Ni kama Barabara ya Morogoro: mwendokasi ana njia yake, magari mengine yana yake, hayasumbuani hadi yafike makutano. Na mifumo hii miwili ina makutano mengi kuliko inavyoonekana kwenye faili la Nginx.

La kwanza ni amri ya `php` yenyewe. Ukisakinisha 8.3, `/usr/bin/php` huhamia toleo la juu bila kukuuliza. Kroni (ratiba ya kazi zinazojiendesha) ya mfumo wa zamani iliyoandikwa `php artisan schedule:run` sasa inaendeshwa na 8.3. Laravel 6 hugeuza hata onyo la kitu kinachokaribia kuondolewa kuwa kosa linalosimamisha programu, na PHP kuanzia 8.1 hutoa maonyo hayo kwa wingi. Tovuti inaonekana nzima kwa sababu FPM bado ni 7.4, lakini ripoti ya usiku haitoki, na kwa kuwa matokeo ya kroni hutupwa `/dev/null` hakuna anayejua hadi bosi aulize. Dawa ni kuandika njia kamili, `/usr/bin/php7.4`, kwenye kroni, kwenye Supervisor (inayosimamia programu za foleni), na hata unapoita Composer (inayosakinisha maktaba).

La pili ni kuki (alama inayomtambulisha mtumiaji kwenye kivinjari) na Redis (hifadhi ya haraka ya data za muda na foleni za kazi). Laravel hutengeneza jina la kuki ya sesheni na kiambishi cha funguo za Redis kutoka kwenye `APP_NAME`. Mafundi wengi hunakili faili la mipangilio, `.env`, la zamani na kubadilisha machache, jina la duka likabaki lilelile. Kama `SESSION_DOMAIN` nayo inafunika domeni zote ndogo, kila mfumo unaweza kuandika juu ya kuki ya mwenzake, ukashindwa kuifungua kwa ufunguo wake, na karani anatupwa nje au anapata ukurasa wa 419 (sesheni imekwisha) kila anapohama dirisha. Kwenye Redis ni kubaya zaidi. Kazi ya foleni huhifadhiwa pamoja na jina la klasi yake. Mfanyakazi wa foleni (programu inayotekeleza kazi hizo) wa mfumo wa zamani akiichukua kazi ya mpya, klasi hiyo kwake haipo, kazi inaishia kwenye `failed_jobs`, na mteja wa Mbeya hapati SMS ya risiti. Kwa kuwa wafanyakazi wa foleni ni wawili wanaogombea, SMS nyingine zinatoka na nyingine hazitoki. Hitilafu ya namna hiyo ndiyo inayokula siku tatu. Weka `SESSION_COOKIE` tofauti, kiambishi cha Redis tofauti na jina la foleni tofauti, kabla ya kuwasha chochote. Na usijaribu kushirikisha sesheni ili mtu aingie mara moja tu. Tokeni iliyosainiwa, ya matumizi mara moja na yenye uhai wa sekunde 60, inafanya kazi hiyo kwa usalama zaidi.

Makutano ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo mazito kuliko yote, ni hifadhidata. Nywila zinaogopwa bure: Laravel mpya hutumia gharama ya bcrypt (njia ya kufumba nywila) ya 12 badala ya 10, na kuanzia Laravel 11 huandika upya heshi, yaani nywila iliyofumbwa, mtumiaji anapoingia, lakini gharama imo ndani ya heshi yenyewe, kwa hiyo mfumo wa zamani unaisoma bila tatizo. Hatari iko kwenye vitu vinavyosomeka na pande zote mbili kwa maana tofauti. Kwenye PHP 7.4, ulinganisho `'' == 0` ni kweli; kuanzia PHP 8 si kweli. Safu ya kiasi iliyoachwa tupu inahesabiwa "stoo imeisha" na mfumo mmoja, na mwingine unaipita. Hakuna kosa linalotokea kwenye logi, ni namba mbili tu zisizolingana.

Halafu kuna tarehe. Kuanzia Laravel 7, modeli inapogeuzwa kuwa JSON, muda hutolewa kwa mpangilio wa ISO 8601 katika UTC, wakati Laravel 6 ilitoa saa kama ilivyo kwenye jedwali. Dar es Salaam iko saa 3 mbele ya UTC. Mauzo yaliyoingizwa saa 7 usiku wa tarehe 1 yanatoka kwenye mfumo mpya yakiwa saa 4 usiku wa tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita, na programu ya simu ikikata herufi 10 za mwanzo kupata tarehe, mauzo yamehama mwezi. Kwa duka linalofunga hesabu jioni haionekani. Kwa stoo inayopokea malori usiku, ankara zitakuwa zimeingia mwezi usio wake. Andika upya `serializeDate` kwenye modeli, na uweke `Africa/Dar_es_Salaam` kwenye mipangilio ya mifumo yote miwili, si mmoja.

Mabadiliko ya muundo wa majedwali yawe na mwenyewe mmoja. Mfumo mpya ndio uendeshe `migrate`. Wa zamani upewe mtumiaji wa MySQL asiye na ruhusa ya `ALTER` wala `DROP`. `migrate:fresh` iliyopigwa kwa bahati mbaya hufuta kila jedwali kwenye hifadhidata, bila kuuliza ni la nani.

Kumbukumbu inahitaji hesabu ya penseli tu. Kwenye GB 4, tuseme MySQL inachukua MB 1,200, mfumo wa uendeshaji na Redis MB 600, na OPcache (akiba ya msimbo uliokwisha kutafsiriwa) ya kila PHP MB 128, jumla 256. Zinabaki kama MB 2,040. Mchakato mmoja wa Laravel ukila MB 70, michakato 24 ni MB 1,680 na kunabaki pumzi kidogo. Wape mpya 18, wa zamani 6, na wa zamani uwe `pm = ondemand` ili usikalie nafasi usipotumika. Ukiruhusu kila upande 25 kwa matumaini, siku ya msongamano Linux itachagua mchakato mkubwa kuliko yote wa kuua, ambao kwa kawaida ni MySQL, na mifumo yote miwili inaanguka pamoja.

Sasa hoja ya wa "usithubutu". PHP 7.4 iliacha kupata viraka vya usalama tarehe 28 Novemba 2022, Laravel 6 iliachwa Septemba mwaka huohuo. Kwa mipangilio ya kawaida FPM zote mbili hutumia mtumiaji mmoja, `www-data`. Anayevunja mlango wa zamani anasoma `.env` ya mpya, na nywila ya hifadhidata iko humo. Kwa maneno mengine, mfumo mpya unakuwa na usalama wa ule wa zamani, hata ukiupiga viraka kila wiki. Mtumiaji tofauti kwa kila FPM na folda zenye ruhusa 0750 hupunguza hatari sana, na `APP_DEBUG=false` si ya kujadili: kosa la Ignition (ukurasa wa makosa wa Laravel) la mwaka 2021, CVE-2021-3129, liliwaruhusu wageni kuendesha amri kwenye seva zilizoachwa na hali ya majaribio. Lakini havirudishi viraka. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, majina na namba za simu za wateja si mali ya kuachwa nyuma ya komeo bovu.

Wengine hukimbilia kontena, yaani boksi la kuendeshea programu ikiwa na faili zake peke yake. Linatenga faili na watumiaji vizuri, lakini taswira (kiolezo cha kontena) ya `php:7.4-fpm` inabeba PHP ileile isiyopata viraka. Njia yenye nguvu zaidi ni seva ya pili yenye Ubuntu 20.04, ambayo PHP 7.4 ni yake ya asili na Ubuntu Pro, usajili wa viraka vya muda mrefu, inaendelea kuipiga viraka. Tahadhari: ukiongeza hazina ya nje kwenye mashine hiyo, kifurushi chake chenye namba kubwa zaidi hufunika kile cha Ubuntu, na viraka unavyotegemea haviingii.

   

Msimamo wetu basi: mfumo wa zamani ukiwa wa ndani, unafikiwa na karani wachache kupitia VPN, na una tarehe ya kuzimwa isiyozidi mwaka, seva moja inatosha. Ukiwa wazi kwa umma na unapokea malipo, nunua seva ya pili hata kama ni ya GB 1, na usiiache isome hifadhidata zaidi ya majedwali inayohitaji.

Tarehe hiyo ya kuzima isipangwe kwa kuangalia logi za siku 30. Ritani ya VAT ni ya kila mwezi, lakini hesabu za mwaka kwa kampuni inayofunga Desemba huwasilishwa TRA kufikia 30 Juni, na ripoti inayozitengeneza inaweza kufunguliwa mara hiyo moja tu. Aliyepima Julai hadi Desemba atasema ukurasa ule umekufa. Pima mwaka mzima wa hesabu, rudisha 503 (huduma haipatikani) kwa wiki 2 na usikilize nani anapiga simu, ndipo upige `systemctl disable --now php7.4-fpm`. Folda ya `vendor`, yenye maktaba za mfumo, ihifadhi pamoja na nakala ya hifadhidata.