Tuimbeni Messiah Pasaka

Kamati ya kwaya yetu hapa Mombasa inapanga msimu ujao wa matamasha, na minong'ono inasema Messiah, ile oratorio ya Handel (masimulizi ya Biblia yanayoimbwa bila kuigizwa), imewekwa Desemba tena. Naandika mapema, kabla mabango hayajachapishwa: tuihamishie Pasaka, na Desemba tutafute kitu kingine.

Si ukaidi. George Frideric Handel aliitunga kazi hii mwaka 1741 kwa majuma matatu na siku chache, na ikaimbwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Huko London msimu wake wa oratorio ulikuwa Kwaresima, na Messiah aliiweka humo humo, Pasaka ikikaribia, hadi mwaka wa kifo chake, 1759. Kati ya sehemu zake tatu, ni ya kwanza tu inayohusu kuzaliwa. Ya pili ni mateso, kifo na ufufuo, na Haleluya tunayoikimbilia kila Krismasi ndiyo inayoifunga sehemu hiyo ya pili. Kwa maneno mengine, tunamwimbia mtoto aliyelazwa horini wimbo wa ushindi wa aliyekwisha kufufuka.

Haya ya kalenda ningeyavumilia. Nisichovumilia ni vile tunavyoviruka. Tamasha la Desemba huwa ni sehemu ya kwanza, tena iliyopunguzwa, halafu tunaruka moja kwa moja hadi Haleluya kwa sababu watu wana feri ya kuwahi. Hapo katikati ndipo kwaya yenyewe inapopata kazi ya maana. Chukua kipande cha kondoo waliopotea, maneno ya Isaya 53. Kinaanza kwa uchangamfu wa kuchekesha: soprano wanashika njia yao, tenor yao, sisi wa besi tunazungushwa kwenye noti fupifupi mpaka pumzi zinakatika, kila sauti ikifurahia upotevu wake. Kisha mwendo unapoa ghafla. Sauti zote nne zinashikana, na ile habari ya maovu yetu sote kutwikwa mtu mmoja inashuka polepole, nzito, katika sauti za huzuni. Msikilizaji aliyekuwa akitikisa kichwa anagundua kwamba alikuwa akichezea dhambi. Kukiacha kipande hicho nje ya programu mwaka baada ya mwaka ni ubadhirifu, hasa kwa kwaya yenye besi kama zetu (najisifu, ndiyo).

Halafu kuna Desemba yenyewe. Kwaya inayoishi kwa tamasha moja la mwisho wa mwaka haikui. Watu hujaa mazoezini Oktoba, wanaimba, wanapiga picha, na Januari mwalimu wa kwaya anabaki na alto watano na tenor mmoja mwenye mafua. Wengi wetu tunasoma solfa, hizo do re mi zilizoenezwa Uingereza na John Curwen katika karne ya 19, zikatufikia kwa mikono ya wamishonari. Sioni haya kuzitumia. Zimezilea kwaya nyingi za shule na za makanisa nchini. Lakini muziki wa Handel unaohama ufunguo kila baada ya mistari michache humchosha msomaji wa solfa, na dawa yake ni muda. Majuma manane hayatoshi. Kwaya ikiwa na matamasha matatu yaliyotawanywa mwakani, anayetoka Changamwe au Mtwapa na kukaa kwenye foleni ili afike mazoezini atakuwa na sababu ya kufanya hivyo hata mwezi Februari.

Najua mtu atanitajia masika. Kweli, mvua ikipiga mabati alto hawasikiki hata kwa dua. Lakini Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na mvua yetu kubwa zaidi kwa kawaida ni ya Mei. Na Desemba je? Joto la Kaskazi ndani ya majoho meusi, kinanda kikivutana na unyevu wa bahari, feni zikishindana na soprano. Hakuna mwezi wa bure Mombasa.

Tamasha la pili ningeliweka Agosti, Kusi ikivuma na mji umepoa kidogo, na ningechagua Requiem ya Gabriel Fauré. Misa ya wafu haina haja ya kungoja Novemba. Hii ni ya takriban dakika 35 tu, haiwakamui soprano kwa sauti za kutoboa paa, na haina ule mshindo mrefu wa siku ya hukumu uliomo katika ya Mozart. Ni nyepesi kuingia, ngumu kuimba vizuri, kwa sababu uimbaji wa chini chini huanika kila pumzi mbaya. Inatufaa.

Pa kuimbia ni mjadala mwingine. Kuna wanaoota ua wa Fort Jesus, na picha zake zitapendeza, sikatai. Ila muziki huu unahitaji kuta na dari za kurudisha sauti. Kwenye ua ulio wazi upepo hula konsonanti zote, zikabaki a na o. Kanisa kuu lenye kuba ni bora kwa masikio. Lakini baadhi ya majirani zetu Waislamu wangependa kusikia muziki huu bila kuingia kanisani, kwa hiyo tamasha moja kati ya matatu liende kwenye ukumbi wa kawaida, hata kama sauti itapungua utamu. Na saa ipangwe kwa kuangalia adhana, jambo ambalo mtu wa Mombasa hakupaswa kukumbushwa.

Tukiwa kwenye wasikilizaji, ule mstari kwenye programu unaowaonya watu wasipige makofi hadi mwisho naomba ufutwe. Mji huu umelelewa na taarab. Watu wamezoea kuinuka, kumtunza mwimbaji, kupiga vigelegele ubeti ukiwakuna. Mozart mwenyewe alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, pale pale alipotarajia. Tumekuwa wakali kuliko mtunzi.

Kiingilio kiwepo, kidogo, na kipelekwe mahali panapoonekana. Tamasha lile la Dublin lilikuwa la hisani, kwa ajili ya hospitali mbili na wafungwa wa madeni, na fedha zilizopatikana ziliwatoa wafungwa 142. Hapa Kenya nako kuna watu wanaokaa gerezani kwa kukosa faini ndogo tu. Gereza la Shimo la Tewa si mbali. Hesabu ya kwanza ya kamati ingekuwa hiyo, kabla ya sare mpya.

Desemba basi tuimbe nini? Gloria ya Antonio Vivaldi, ile maarufu ya D kubwa. Ni nusu saa hivi, inaanza kwa maneno ya malaika waliyowaimbia wachungaji usiku wa kuzaliwa, na Vivaldi alikuwa mwalimu wa muziki katika nyumba ya mabinti yatima Venice, kwa hiyo alijua kuandikia waimbaji wa kufundishwa kutoka mwanzo. Nusu saa nyingine iwe ya nyimbo za Krismasi za Kiswahili, umati uimbe nasi. Atakayelilia Haleluya hata hapo, tumwimbie mwishoni kama nyongeza. Ni dakika nne, na sauti ya besi ninayo tayari.