Ami, msumeno wa moto na kikoi chake

Watu wengi wakenda kununua msumeno wa moto, ule wa injini na cheni, wanatizama vitu viwili tu, ukubwa na kelele. Ukiwashwa pale dukani ukatoa moshi na madirisha yakatetemeka wanasema bas, huu ndo wenyewe. Filta ya hewa hawafungui, cheni hawaigusi, wanauliza bei wanalipa. Na Ami yangu ni mmoja wao, tena mwenyekiti.

Masika ya mwaka juzi mwembe wa kiambo chetu uliangusha ubavu usiku, huku kwetu kaskazini Pemba si mbali na Konde. Sio mwembe wa mchezo yakhe. Ukaziba njia ya gari la ng'ombe na tawi moja likakaa juu ya banda la kuku, kuku wenyewe salama ila toka siku hio hawatagi. Mwembe ule Ami akijivunia sana, anasema ulipandwa na babu wa babu yake na ulikuwepo kile kimbunga cha Aprili 1872, kile kilichoing'oa mikarafuu na minazi ya Unguja, Pemba ikanusurika, ndo mana karafuu zikahamia kwetu mpaka leo. Akikaa baraza moja na Muunguja lazma aitaje 1872, utasema upepo ule alouelekeza yeye. Sasa mti usioguswa na kimbunga cha wakati wa Sayyid Barghash umekuja kulazwa na mvua ya Jumatano, hata ngurumo haikuwa nyingi.

Ami hakulia sana lakini, mana binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki chache na Bi mkubwa mpishi keshatoa orodha yake: mchele, nyama, na kuni nyingi. Ami akapiga hesabu pale pale juu ya gogo. Mti upo, kuni za bure, kilobaki ni msumeno, na harusi ikisha tunaukodisha kijiji kizima tunatajirika.

Akanipigia simu mie kwa sababu mie nishawahi kufanya kazi na watu wa mbao. Nikamwambia Ami, kwa kuni chukua mdogo, upanga wake ule unaobeba cheni uwe inchi 16, injini ya cc 40 na kitu inatosha kabisa, gogo nene unalikata upande huu kisha unazunguka upande wa pili. Mkubwa utakuchosha mgongo, unakula petroli, na cheni yake ndefu kuinoa ni kazi ya asubuhi nzima. Akanambia, "Mwanangu, mwembe ule unaujua unene wake? Hio inchi 16 n'kanyolee ndevu?"

Akavuka bahari kwenda Unguja akarudi na mnyama wa inchi 24, cc 70 hivi, mtumba, umepigwa rangi mpya mpaka juu ya nati. Mtumba si mbaya, ila unauvuta ule uzi wake polepole kwanza uone kama unakataa kataa, ukija mlaini bas ringi za pistoni zishakwenda. Unafungua kifuniko unaona filta. Unatizama lile gurudumu la meno linalovuta cheni kama halijalika. Ami alitizama rangi. Ila kilichomuua zaidi, alivonihadithia mwenyewe, ni kwamba muuzaji alipouwasha cheni ikawa inazunguka yenyewe bila hata kugusa resi. "Una nguvu ule mwanangu, haungoji kuambiwa!" Mie nikanyamaza, nikasema labda anaongeza chumvi.

Siku ya kukata nikafika asubuhi nikamkuta Ami kavaa kikoi, fulana ya ndani na ndara. Suruali nzito hana, viatu hana, miwani alonayo ni ya kusomea msahafu. Nikamwambia Ami vaa suruali. Akasema suruali ya nini, mie n'nakwenda ofisini?

Petroli aliichanganya vizuri, hapo simsemi, mana kaendesha vespa umri wake wote, oili ya 2T anaijua: mililita 100 kwa lita 5, hamsini kwa moja. Lakini msumeno una tangi la pili, la oili ya kulainisha cheni, na hilo muuzaji hakumwambia. Oili haipo, duka mbali, Ami akaingia jikoni akatoka na chupa ya mafuta ya bajia. Yaloungua. Kusema kweli mafuta ya kupikia yanafanya kazi hio, wapo wanaotumia, ila yawe masafi, sio yale yenye punje za kunde chini na kitunguu kimoja kinaelea.

Akaanza kuvuta. Choki kaivuta, uzi anavuta, choki hairudishi, anavuta tena, kikoi kinateremka, anakipandisha, anavuta. Petroli ikaanza kudondoka kwenye ekzosi. Watoto wakajaa. Ami kalowa jasho anasema huu umezoea hewa ya Unguja, uacheni ukae kidogo.

Akatokea fundi wa mashine za boti, jirani yetu, anapita zake kwenda pwani. Hakusema kitu, kaomba spana, katoa plagi, inachuruzika petroli. Kaifuta kwa fulana yake, kavuta uzi plagi ikiwa nje ili yale mafuta yaliyojaa yatoke, kairudisha, na choki nayo kairudisha ndani, resi kidogo, mvuto mmoja. Ukawaka! Na moshi wake ndo huo, mtaa mzima unanuka bajia. Wallahi watoto walikuja na sahani.

Fundi akautazama akakunja uso. Cheni inazunguka na hakuna aliyegusa resi. Akamwambia Ami uzime huu, ukiachia resi cheni inatakiwa isimame, ukiwa hivi ni hatari. Ami hasikii kwa kelele, anajibu "Ahsante sana!" na kidole gumba juu. Nikamuonyesha ile breki ya mbele ya mkono, ukiisukuma mbele cheni inafungwa, akadhani ni kikinga mavumbi.

Tawi la kwanza likakatika vizuri, watu wakapiga makofi. La pili pia. Akaingia kwenye shina sasa, na shina limelala chini, akalipitisha mpaka mwisho cheni ikapiga mchanga. Hapo bas. Cheni kali inatupa vipande, unaviona vinaruka vikubwa vikubwa vyeupe, yake ikaanza kutoa unga, unga wenyewe wa kahawia umekaribia kuungua. Nikamfanyia ishara simama tuinoe, tupa ninayo mfukoni. Yeye akaona dawa ni kuukandamiza kwa tumbo.

Sasa ndo wakaja. Bi mkubwa mpishi mbele, nyuma Shangazi, nyuma yake wakwe, mama na baba wa bwana harusi na jamaa zao wawili watatu, wamekuja kuangalia pahala pa kupikia. Ami akawaona. Adabu ya Kipemba ikamshika, huwezi kupokea wakwe umeshika mashine, akauweka msumeno juu ya kisiki, unanguruma, cheni inazunguka mwendo wa pole, akageuka na mkono kifuani. Wakwe wakatoa salamu. Ami akajibu "Waalaykumu ssalaam..." na pindo la kikoi nyuma yake likaigusa cheni.

Sikuona kilivotoka. Nilisikia tu krrrp, injini ikazima, na kikoi hakipo. Kimeingia chote mule kwenye kifuniko cha pembeni, kimebaki kishungi cha nyuzi kinaning'inia. Mwili wake Mungu kausalimisha, hata mkwaruzo hana, alhamdulillahi, na hapo ndo tulipopata ruhusa ya kucheka. Ami mwenyewe hakutikisika. Alimaliza salamu yake yote, "...warahmatullahi wabarakaatuh", kasimama na bukta.

Na ile bukta. Ami ni Yanga wa kufa, harusi hii hii alikataa maua mekundu. Bukta aliyoivaa ilikuwa nyekundu, ya Simba, ya mwanawe, kaipapatia gizani alfajiri kwenye kamba ya nguo. Baba mkwe, naye Yanga, aliinamisha uso kwa heshima, akauinua, akauinamisha tena. Uchi angemstahi, ila ile rangi ilimuumiza.

Shangazi akamrushia kanga yake haraka haraka. Ami akajifunga. Bi mkubwa mpishi yeye hakushughulishwa na bukta wala kanga, kapita moja kwa moja kwenye kuni, kaokota kipande, kakinusa, kakibinya kucha utomvu ukatoka. "Mwembe mbichi huu. Hapa hupiki pilau, unapika machozi. Niletee kuni kavu au tafuta mpishi mwengine." Na kweli, mti wa jana huo, unataka upasuliwe ukae juani miezi na miezi ndo uwake, tena moshi wa mwembe mbichi unawasha macho. Kuni za harusi zikaja kununuliwa baadae, gari mbili za ng'ombe, Ami katoa pesa taslimu na kimya.

Fundi wa boti huku kashakaa chini anafungua kifuniko. Kikoi kimejikunja kwenye lile gurudumu la meno kimekaza, kinatolewa ukanda ukanda kwa koleo, kila ukanda umelowa mafuta ya bajia. Akafungua na filta. Toba! Nyeusi tii, imeganda unga wa mbao na oili ya mwenyewe wa kabla, huwezi kuona mwangaza upande wa pili. Akatuelezea: msumeno hauvuti hewa, kwa hivo ukiachia resi unazima, sasa yule aloutengeneza ili uuzike badala ya kuosha filta kwa maji ya sabuni, kazi ya dakika kumi, kashika bisibisi kapandisha sailensa, ule mwendo wa injini ukiachia resi, mpaka juu usizime. Sailensa ikipanda sana klachi inashika na cheni inazunguka yenyewe. Ndo ile nguvu isiyongoja kuambiwa. Filta ikaoshwa ikaanikwa, skrubu ikarudishwa nyuma, mie nikainoa cheni jino kwa jino, kila jino mikwaruzo sawa, kwenda mbele tu hairudi nyuma. Ukiwashwa skuhizi unanguruma na cheni imetulia. Ami anasema umepungua nguvu.

Lakini siku ile kabla hatujafika huko akaingia Sheha, mkuu wa shehia yetu. Kelele za msumeno wa moto upande wetu ule mtu yeyote anafikiria msitu wa Ngezi, anadhani kuna wezi wa miti, na keshapigiwa simu na watu. Kaja kwa baskeli, kakasirika, na vijana wawili nyuma. Akamkuta Ami kampa mgongo, kajifunga kanga, na maandishi yapo sawasawa juu ya makalio: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Sheha akayasoma kwa sauti. Sijui kwa nini aliyasoma kwa sauti.

Akajikaza akauliza kibali kiko wapi, mana sheria ya misitu ipo toka 1996 na msumeno wa moto haushikwi ovyo ovyo. Ami akamwambia Sheha, huu mti umejiangusha wenyewe, muulize mtu yeyote, na kwako nilikuja juzi hukuwepo. Hilo la kweli, Sheha alikuwa Wete kwenye mkutano. Haya, akasema Sheha, na msumeno? Isije ikawa wa wizi, una risiti?

"Risiti ninayo!" Ami akapata sauti yake sasa, kifua mbele, kanga na yote. "Ninatembea nayo, nimeifutika..." akapeleka mkono kiunoni. Mkono ukabaki pale pale.

Sote tukageuka kumtazama fundi. Fundi, bila kuinua kichwa, akaingiza koleo kwenye klachi akavuta kitu, nyuzi na karatasi zimeshikana donge moja, linadondoka mafuta. Akalikabidhi. Sheha akalishika kwa vidole viwili, akaligeuza, akalisogeza puani.

"Ami," akasema, "hii ni risiti ya msumeno au ya bajia?"