Udahili wa Vyuo Teule Marekani: Mtihani Si Mshtakiwa Pekee

Chuo Kikuu cha Harvard hudahili waombaji wasiofika 5 katika kila 100, na wengi wa wanaokataliwa wangeyamudu masomo yake bila shida. Maofisa wa udahili, basi, hawamtafuti anayefaa tu, bali huchagua miongoni mwa wanaofaa, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Utaratibu wao ni kumtazama mwombaji kwa ujumla wake: alama za shuleni, insha, barua za walimu, michezo na mazingira aliyokulia. Wanaoutetea wana hoja nzito, kwani kijana aliyefaulu vizuri katika shule isiyo na mwalimu wa fizikia ameonyesha jambo ambalo alama tupu haziwezi kulieleza. Hata hivyo, utaratibu huo una asili isiyopendeza. Katika miaka ya 1920, Harvard chini ya rais wake Lowell ilianza kupima "tabia" za waombaji ilipotaka kupunguza idadi ya Wayahudi, ambao kwa kigezo cha ufaulu pekee wasingezuilika.

SAT, mtihani sanifu wanaoufanya wanaoomba vyuo Marekani, nao hulaumiwa, na si kwa uonevu, kwamba huwapendelea waliosoma shule bora. Vyuo vingi viliufanya wa hiari wakati wa janga la Uviko-19, kisha Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) ikaurudisha mwaka 2022 na Chuo cha Dartmouth mwaka 2024, vikieleza kwamba alama hizo huwasaidia kuwatambua wenye uwezo wanaotoka katika familia zisizojiweza. Nami naelemea upande huo. Insha inaweza kunyooshwa na mshauri wa kulipwa. Katika chumba cha mtihani mshauri haingii (ingawa kashfa ya hongo za udahili ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa fedha zilipenya hata humo).

Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake wa mwaka 2023 unaipa hoja hii nguvu zaidi: kwa alama zinazolingana, watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri kabisa walikuwa na uwezekano zaidi ya mara 2 wa kusoma katika vyuo teule kuliko watoto wa tabaka la kati. Sababu kubwa zilikuwa upendeleo kwa watoto wa wahitimu wa vyuo hivyo, nafasi za wanamichezo na tathmini za sifa zisizo za kitaaluma. Vyuo hujitetea kwamba upendeleo kwa watoto wa wahitimu hudumisha michango, lakini Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kiliuacha na hakikufilisika. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia kuzingatia rangi ya mwombaji, lakini haikugusa ukoo wake.