Wawili wa serikali, wawili wa upinzani: nani anastahili kiti cha studio?

Mijadala ya siasa kwenye runinga za Kenya imejengwa juu ya hesabu moja. Wawili wa serikali, wawili wa upinzani, mtangazaji katikati. Fungua Citizen, NTV au KTN jioni ya siku ambayo Bunge limepitisha jambo zito, na kuna uwezekano mkubwa utawakuta wameketi hivyo. Mheshimiwa anageuza simu yake kifudifudi mezani, anaanza kwa kuwasalimu wapiga kura wa eneobunge lake, anamshukuru mtangazaji kwa kumwalika, na dakika mbili zimeshakwenda. Mwenzake wa upande wa pili anacheka kwa dharau kabla sentensi haijaisha. "Mmoja mmoja, waheshimiwa," mtangazaji anasihi. Wakirudi kutoka kwenye matangazo ya biashara, swali lililoulizwa hakuna anayelikumbuka.

Watazamaji wengi hulalamikia kelele. Mimi kelele hazinisumbui sana. Siasa ina joto lake, na mtu aliyekasirika wakati mwingine husema alichokuwa anakificha. Kinachonisumbua ni kigezo cha kumwalika mgeni. Huyu ameitwa kwa sababu anajua nini, au kwa sababu ni wa mrengo gani?

Wanaotetea viti vya mirengo wana hoja, tena si ndogo. Januari 30, 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN, na zikakaa siku kadhaa nje ya hewa ingawa mahakama ilikuwa imeamuru zirejeshwe. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kupeperusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya NTV na KTN ikazimwa hadi mahakama ilipoingilia. Mhariri aliyepitia hayo anajua kwamba wageni wawili kwa wawili ni ngao. Akilaumiwa kwamba kituo chake kimeegemea upande mmoja, anayo orodha ya kuonyesha. Na kuna la msingi zaidi: mbunge ndiye anayepiga kura. Mhadhiri wa chuo kikuu anaweza kueleza kodi vizuri kuliko yeye, lakini mhadhiri hatozi mtu kodi.

Hoja hiyo naikubali mpaka Juni 2024, ambapo Mswada wa Fedha uliuanika udhaifu wake. Ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Ulipendekeza kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 wala kuzidi 100,000, ilipwe wakati mwenye gari anapokata bima. Kulikuwa na ada ya mazingira ambayo watu waliogopa itapandisha bei ya nepi na pedi. Maswali yake yalikuwa ya vifungu: kipi, kinamgusa nani, kuanzia lini. Katika mijadala mingi ya studio yakageuka kuwa ya Kenya Kwanza, muungano wa serikali, na Azimio, wa upinzani, nani aliharibu uchumi kabla ya mwenzake. Huku nje, vijana walikuwa TikTok wakiusoma mswada wenyewe kifungu kwa kifungu, na wengine wakiutafsiri kwa lugha za nyumbani. Mkate uliondolewa kabla mswada haujapigiwa kura ya mwisho, na sidhani ni ubingwa wa wanajopo uliouokoa.

Lugha nayo. Taarifa za habari za saa moja jioni ni za Kiswahili, lakini mijadala mingi ya siasa inayotajwa mjini kesho yake hufanywa kwa Kiingereza. Mama muuza mboga anayelipa kodi hiyo anaachiwa muhtasari.

Juni 25 Bunge likaupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia majengoni, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Kwangu hizo kura 195 na 106 ndizo zilizopaswa kuwa orodha ya wageni. Mwalike mbunge kwa kura yake, si kwa rangi ya chama chake, kwa sababu si kila wa Azimio aliupinga. Muulize: ulisema ndiyo, kwa nini? Ulisema la, ungezipata wapi hizo fedha? Swali hilo halijibiwi kwa kumtukana jirani.

Kabla Julai haijaisha, ramani ya mirengo yenyewe ikachanika. Rais aliwateua John Mbadi, Hassan Joho, Wycliffe Oparanya na Opiyo Wandayi, wote wa ODM, chama cha Raila ndani ya Azimio, kuingia katika Baraza la Mawaziri. Oktoba Seneti ikamng'oa naibu wake, Rigathi Gachagua, aliyekuwa sauti kubwa ya Kenya Kwanza eneo la Mlima Kenya. Machi 2025 UDA, chama cha Ruto, na ODM zikatia saini makubaliano, na Edwin Sifuna, akiwa bado katibu mkuu wa ODM, akawa anayakosoa hadharani. Sasa mtayarishaji wa kipindi amweke wapi mbunge wa ODM? Akimketisha upande wa serikali, atasema chama chake hakijavunjwa. Akimketisha upande wa upinzani, vigogo wa chama chake wameingia serikalini. Nimeona mijadala ambayo wanajopo watatu kati ya wanne walikuwa wanakubaliana na serikali, na bado ikaitwa ya pande mbili.

Wengine husema dawa ni kuwaondoa wanasiasa kabisa na kuwaleta wachanganuzi. Hapo nasita. Mchanganuzi naye ana kwake, ila kwake hakuandikwi chini ya skrini. David Ndii alijulikana kwa safu zake kali dhidi ya serikali ya Jubilee ya Uhuru Kenyatta, akawa kwenye mikakati ya NASA, muungano wa upinzani, mwaka 2017, na baada ya uchaguzi wa 2022 akawa mwenyekiti wa baraza la washauri wa uchumi wa Rais Ruto. Makau Mutua alikuwa msemaji wa kampeni ya Raila mwaka 2022. 2025 akateuliwa mshauri wa Rais huyohuyo aliyekuwa amempinga. Hakuna kosa katika hayo, mtu ana haki ya kubadili kazi na hata msimamo, na hao wawili angalau hatua zao zilijulikana. Shida ni wale ambao bango la jina linawatambulisha kama "mchanganuzi wa siasa" tu, hatuambiwi wamewahi kumfanyia nani ushauri wala wanamfanyia nani sasa. Mbunge akidanganya najua anamtetea nani. Huyu simjui. Mstari mmoja zaidi kwenye hilo bango ungetosha.

Hata hivyo mgeni mbaya huweza kuokolewa na mtangazaji mzuri, na mgeni mzuri kupotezwa na mzembe. Mwaka 2017 redio ya BBC ilimhoji Lord Lawson, mwanasiasa aliyepinga sayansi ya tabianchi, na mwaka uliofuata mdhibiti, Ofcom, akaona kanuni za usahihi zimevunjwa. Tatizo halikuwa kumwalika, bali kwamba madai yake hayakupingwa ipasavyo. Nyumbani tuna mfano wa upande wa pili. Juni 30, 2024, wanahabari Linus Kaikai, Eric Latiff na Joe Ageyo walimhoji Rais Ikulu. Hapakuwa na mpinzani mezani, na bado haikuwa jioni ya kupakana mafuta, kwa sababu walirudia swali la vijana waliouawa katika maandamano ya mswada hadi Rais akasema hana damu mikononi mwake. Unaweza kumwamini au kumkatalia, lakini kauli imewekwa na itamfuata.

Kuna pingamizi moja zito kwa pendekezo langu. Wanasiasa wakijua wataulizwa kura zao na kubanwa wenyewe, watakataa kuja, na uchaguzi wa Agosti 2027 uko njiani. Wamekataa kabla. Julai 2017 Uhuru Kenyatta, Rais wa wakati huo, hakutokea kwenye mdahalo wa urais, Raila akahojiwa peke yake. Julai 26, 2022 ikawa zamu ya Raila kususia. Ruto akasimama peke yake katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Karen, mbele ya Yvonne Okwara na Latiff, bila wa kumrushia lawama, akalazimika kuhangaika na maswali yake mwenyewe. Mimi sikuona kilichopungua jioni ile kwa kukosekana mtu wa kumkatiza.